Sauti ya Mtangazaji na Mzabibu Uliotelekezwa

Tangu majira ya joto ya 2025, wakulima wa mizabibu nchini Hungaria wamekuwa wakipita kati ya mistari ya mashamba yao taratibu, macho yao yakiwa kwenye majani. Jani likikunja kingo zake kuelekea chini na kuanza kugeuka manjano kabla ya wakati wake, au jekundu kama mzabibu ni wa zabibu nyeusi, mkulima hushika tawi lake na kulipinda. Mwezi Septemba tawi lenye afya huwa limeshakomaa: ganda limekauka, rangi imekuwa ya kahawia, na ukilipinda sana linavunjika. Tawi la mzabibu mgonjwa hubaki laini, linapindika kama mpira, na vichala vyake vinasinyaa vikiwa bado juu. Wahungaria wanauita ugonjwa huu aranyszínű sárgaság, umanjano wa rangi ya dhahabu. Hauna dawa. Mzabibu ulioambukizwa unang'olewa na mizizi yake. Ulionekana nchini humo mwaka 2013, katika mkoa wa Zala kusini-magharibi, ukahesabiwa kwa miaka mingi kuwa shida ya pembeni, halafu mwaka 2025 vipimo vikaonyesha kwamba umeshaingia katika sehemu kubwa ya kanda 22 za mvinyo za nchi hiyo.

Kila maafa ya kilimo huja na washauri wake, na ushauri ninaokutana nao zaidi katika mjadala huu ni kwamba umefika wakati wa kuachana na wakulima wadogo wa mvinyo, hasa wale waliokuja shambani wakitokea kazi nyingine: daktari, mwanasheria, mtangazaji wa redio. Hao, inasemwa, ni watu wa kujifurahisha. Wana hekta chache, chupa zenye lebo za kuvutia na wageni wa Jumamosi, na vita ya karantini inataka mashirika makubwa yenye mashine na wataalamu. Mimi naona hoja hiyo imekamata fimbo upande usiofaa. Ugonjwa huu unalelewa na mashamba yasiyo na mtu. Shamba hukosa mtu pale mvinyo wake unapokosa mnunuzi, na kumtafuta mnunuzi, kumweleza na kumfanya arudi ndiyo kazi ambayo mtangazaji aliifanya maisha yake yote kabla hajashika mkasi wa kupogolea. Kwa hiyo yule anayetajwa kama pambo la sekta ndiye mwenye ufundi ambao sekta ile imeukosa zaidi.

Msomaji asiyekunywa mvinyo, na kwetu tuko wengi wenye ndugu na majirani wa namna hiyo, asione kwamba mada hii haimhusu. Ni habari ya zao, ya ardhi, na ya nani anabaki shambani bei inapoanguka.

Tumchukue mtu mmoja anayejulikana. Rókusfalvy Pál (Wahungaria hutanguliza jina la ukoo) alipata jina nchini kwao kama mtangazaji wa redio na televisheni. Baadaye alijenga maisha yake Etyek, kijiji kilicho mwendo wa kama kilomita 30 magharibi ya Budapest, akawa na shamba la mizabibu, kiwanda kidogo cha mvinyo na nyumba ya wageni. Miaka ya karibuni serikali ya Hungaria ikamteua kuwa kamishna wake wa kutangaza mvinyo wa taifa, na ndipo maneno yalipozidi. Nitarudi kwenye uteuzi huo, kwa sababu una swali la haki ndani yake. Kwanza tuitazame Etyek yenyewe, maana mtangazaji hakuikuta tupu.

Ardhi ya pale ni ya chokaa, upepo haukatiki, na zabibu zake hubaki na ukali wa ndimu hata zinapoiva. Ukali huo ndio unaotakiwa katika mvinyo wa mapovu. Törley József, aliyejifunza kazi hiyo Reims nchini Ufaransa, alifungua kiwanda chake Budafok, pembeni ya Budapest, mwaka 1882, na vilima vya Etyek vikawa kisima chake cha zabibu. Waliovilima walikuwa hasa wakulima wenye asili ya Kijerumani, waliohamia huko katika karne ya 18. Wao ndio waliochimba maghala marefu ndani ya mlima, safu kwa safu, milango ya mbao ikitazama njia. Mwaka 1946, baada ya vita, wengi wao walifukuzwa nchini kwa sababu ya asili yao, wakaondoka na mizigo michache. Waliwekwa watu wengine katika nyumba zile, watu ambao nao walikuwa wametolewa kwao, na wengi hawakuwa wamewahi kupogoa mzabibu. Kisha zikaja shamba za ushirika na za dola, zabibu zikawa tani za kupeleka kiwandani, na jina la kijiji likapotea ndani ya tangi. Kizazi kizima kilikua kikiamini kwamba zao la kilima chao ni malighafi tu.

Ndivyo ilivyokuwa karibu kila mahali. Tokaj, kanda ya mvinyo ambayo mipaka yake iliwekwa kwa amri ya kifalme mwaka 1737 na ambayo leo imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2002, iliishi miongo minne chini ya shirika moja la dola lililokusanya, kuchanganya na kupeleka mvinyo kwa wingi Muungano wa Kisovieti. Mnunuzi alikuwa mmoja, hakuuliza maswali, na alilipa kwa mpango. Alipoondoka, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ilikuwa na zaidi ya hekta 100,000 za mizabibu na karibu hakuna mkulima aliyewahi kuuza chupa kwa mtu anayemtazama usoni. Leo hekta zile zimeshuka hadi kama 60,000. Watu wanaposikia takwimu hiyo hudhani mizabibu yote iliyokosekana iling'olewa kwa utaratibu na ardhi ikapandwa ngano. Sehemu yake ilifanyiwa hivyo. Sehemu nyingine iliachwa tu.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa kuwa ndipo mjadala unapopotea. Zamani za ushirika, ardhi tambarare ilichukuliwa kwa ajili ya trekta, na vipande vya miteremko ambavyo trekta halikuweza kupanda viliachwa mikononi mwa familia. Wahungaria wanaviita zártkert, bustani zilizofungwa. Kila kipande kilikuwa na mistari kadhaa ya mizabibu, miti ya matunda, na kibanda chenye ghala dogo chini yake. Babu alifanya kazi kiwandani siku za wiki na Jumamosi akapanda kilimani kupogoa. Babu amefariki. Watoto wako Budapest, Vienna au Ujerumani, hati ina majina saba ya warithi, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye hamu ya kupanda kilima ili achume zabibu ambazo kiwanda kitazilipa bei isiyofidia palizi. Mistari imefunikwa na miiba. Ukipita barabarani unaona msitu mdogo. Ukiingia ndani unakuta bado kuna waya, nguzo zilizoinama, na mizabibu iliyopanda juu ya miti.

Mizabibu hiyo ndiyo hatari. Ugonjwa unasababishwa na fitoplasma, kimelea kidogo mithili ya bakteria asiye na ukuta wa seli, anayeishi katika mishipa ya utomvu ya mmea. Hawezi kutembea mwenyewe. Anabebwa na mdudu mdogo arukaye, Scaphoideus titanus, aliyeingia Ulaya akitokea Amerika ya Kaskazini na ambaye maisha yake yote hutegemea mzabibu. Hutaga chini ya ganda la matawi ya miaka iliyopita, mayai yakalala baridi yote, yakaanguliwa Mei. Tunutu, yaani mdudu mchanga ambaye hajaota mabawa, akinyonya mmea mgonjwa, baada ya wiki kadhaa anakuwa mwambukizaji mpaka kufa kwake, na akishaota mabawa anaruka kwa jirani. Katika shamba linalopogolewa, matawi yenye mayai hukatwa, na dawa hupigwa kwa tarehe. Katika shamba lililoachwa hakuna kinachomsumbua.

Kuna jambo moja zaidi, na kwangu ndilo linaloonyesha jinsi historia inavyorudi kudai. Mwaka 1875 mdudu mwingine kutoka Amerika, filoksera, aliingia Hungaria na kuanza kuua mizabibu kwa kula mizizi. Ulaya ilijiokoa kwa kubebesha: kikonyo cha mzabibu wa Ulaya juu, shina la mzabibu wa Amerika chini, kama tunavyobebesha miembe. Mizabibu mingi unayoiona Hungaria leo ina miguu ya Kiamerika. Shamba linapoachwa, sehemu ya juu hudhoofika na kufa, na lile shina la chini huchipua na kutawala. Mashina haya mara nyingi hubeba kimelea bila kuonyesha dalili yoyote. Hayageuki manjano, hayasinyai. Yanapendeza macho mwaka mzima huku yakiwa ghala la maradhi. Kwa hiyo hata mkaguzi anayepita njiani hawezi kuliona tatizo. Watu wa pwani yetu wanaokumbuka minazi ilivyonyong'onyea, majani yakidondoka mpaka kikabaki kigogo kitupu kama nguzo ya simu, wanajua jamii hii ya kimelea. Nako aliyeua minazi ni fitoplasma, na nako dawa haikupatikana.

Sasa tujiulize shamba linaachwa kwa nini. Uzee ni sababu, uhamiaji ni sababu, lakini vijiji vyenye wazee wengi vipo ambavyo mizabibu yake inapendeza. Tofauti kubwa ni bei. Mkulima wa Hungaria anayeuza zabibu kwa kilo kwa mfanyabiashara mkubwa hana la kusema: zabibu zikishavunwa zina saa chache, lori liko mlangoni, na bei imeandikwa na mwenye lori. Mvinyo utakaotoka humo utauzwa kwa lita, au utaingia katika zile chupa za plastiki za lita mbili ambazo Wahungaria huziita kannás bor na ambazo baadhi zilikutwa na maji ya sukari na rangi. Huko mshindani wake ni Hispania na Italia, wenye mashamba makubwa, jua la kutosha na umwagiliaji. Na soko lenyewe linapungua. Shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, lilikadiria kwamba mwaka 2024 dunia ilikunywa hektolita milioni 214, kiwango cha chini kuliko vyote tangu 1961. Ufaransa yenyewe, mama wa biashara hii, mwaka huohuo iliruhusiwa kutenga euro milioni 120 kuwalipa wakulima wang'oe mizabibu, euro 4,000 kwa hekta. Katika hali hiyo, mkulima wa kilo huko Zala hana ushindani wowote. Anaacha.

Anayebaki ni yule aliyefanikiwa kuuza chupa yenye jina la kilima kwa mtu aliyefika kukiona kilima. Hesabu yake ni tofauti kabisa. Hekta tano zinazotoa chupa za kuuzwa mlangoni zinaweza kulipa mshahara wa mtu wa kupogoa, na mtu wa kupogoa ndiye anayeona tawi laini mwezi Septemba. Lakini ili mgeni aje, alipie, na arudi na rafiki zake, lazima mtu aongee. Na Hungaria ina mzigo ambao Ufaransa haina: lugha isiyofanana na ya majirani wake wowote, na zabibu zenye majina kama Hárslevelű, Kékfrankos na Cserszegi Fűszeres. Hiyo ya mwisho, mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwanda cha Hilltop Neszmély kiliipeleka sokoni Uingereza kwa lebo iliyosema waziwazi kwamba ni zabibu isiyotamkika. Ikauzwa vizuri. Aliyepata wazo hilo alielewa jambo ambalo kila mtangazaji mzuri hujifunza mapema: usimwache msikilizaji aone aibu ya kutojua. Mwambie wewe kwanza kwamba neno ni gumu, mlitamke pamoja, na baada ya hapo ni lenu wote wawili.

Niliwahi kuishi Budapest kwa masomo, na siku moja ya Oktoba nilipanda basi kwenda Etyek kutazama maghala. Sikuwa na nia ya kununua chochote. Kwenye mlango mmoja mwenye ghala, mzee wa makamo mwenye mikono yenye weusi wa zabibu, alinikaribisha, akanipa bonge la chokaa nilishike. Lilikuwa jeupe, jepesi kuliko nilivyodhani, na ndani yake mlikuwa na alama ya kombe la baharini. Akaniambia hapa palikuwa bahari. Kisha akanyamaza, akaniacha niligeuzegeuze. Nilitoka na chupa mbili za zawadi na jina la kilima kichwani, na mpaka leo nalikumbuka. Ukimya ule baada ya sentensi fupi ndio ninaousikia kwa watangazaji wazuri: wanajua sentensi ikitosha, msikilizaji anahitaji nafasi.

Wapo wanaopinga, na si wote wana hoja dhaifu. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba mtangazaji hakusomea mvinyo, kwa hiyo ni mvamizi. Ukiipima kwa historia ya Hungaria baada ya 1990 haisimami hata dakika moja. Gere Attila wa Villány, ambaye mvinyo wake mwekundu ulisaidia kuirudisha nchi katika ramani, alikuwa mtu wa misitu. Bussay László wa Csörnyeföld, katika Zala hiyohiyo ulikoanzia ugonjwa, alikuwa daktari wa kijiji aliyetibu watu mchana na kutengeneza mvinyo uliotafutwa nchi nzima. Miongoni mwa waanzilishi wa kiwanda cha Royal Tokaji mwaka 1990 alikuwamo Hugh Johnson, Mwingereza ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Ukitaka waliosomea tu, uliza mashirika ya dola yalikuwa na wataalamu wangapi wenye shahada, kisha uliza walichokiacha ndani ya matangi. Utaalamu wa ghalani unaweza kuajiriwa au kujifunzwa kwa miaka, na kila kiwanda kidogo chenye akili hufanya hivyo. Ni vigumu zaidi kumwajiri mtu wa kusimama mlangoni badala yako na kuaminiwa.

Hoja ya pili ni nzito. Mtu mwenye kiwanda chake cha mvinyo anapopewa na serikali kazi ya kutangaza mvinyo wa taifa zima, wenzake wana haki ya kuuliza kalamu ya fedha za umma inaelekea wapi, na nani anachaguliwa kupeleka chupa zake kwenye maonyesho. Swali hilo si la wivu. Lingeulizwa popote, na linapaswa kujibiwa kwa hesabu zilizo wazi, kwa majopo ya kuonja bila kuona lebo, na kwa mipaka kati ya ofisi na shamba. Ninachokataa ni kulitumia swali la uteuzi kuhukumu kazi ya shambani. Kama kuna kosa katika kuchanganya ofisi na biashara, kosa hilo ni la kanuni za uteuzi. Halithibitishi kwamba mtu wa maikrofoni hana nafasi kati ya mizabibu, wala kwamba kiwanda kidogo ni mchezo. Tena naona hatari ya upande wa pili: sauti moja ya taifa, hata iwe nzuri kiasi gani, inaweza kuzifunika sauti ndogo 22 ambazo kila kanda inazihitaji.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote inatoka Eger, mji wa mvinyo kaskazini mwa nchi. Hungaria haikuwahi kupungukiwa hadithi, wanasema, na hadithi ndiyo iliyoiangusha. Kila mtalii amesikia kwamba mwaka 1552, Waturuki walipoizingira ngome ya Eger, watetezi walikunywa mvinyo mwekundu mpaka ukatiririka ndevuni, na maadui wakaamini wanakunywa damu ya fahali. Kutokana na hapo jina Bikavér. Hadithi hiyo iliuza mvinyo kwa miongo mingi, na wakati wa ukiritimba wa dola ndani ya chupa mkawa na kitu chembamba, cha bei ya chini, kisicho na uhusiano na kilima chochote. Sauti ilibaki kubwa, mvinyo ukafa chini yake. Basi kwa nini nimwamini msema maneno mwingine? Jibu langu ni kwamba tutazame nani alikuwa anaisimulia. Hadithi ya Bikavér ilisimuliwa na lebo ya shirika lisilo na uso. Mnywaji wa London aliyekuta chupa mbaya hakuwa na mlango wa kugonga. Mwenye kiwanda kidogo husimulia akiwa amesimama mbele ya pipa, na mgeni huonja palepale. Akidanganya, Jumamosi ijayo ua wake ni mtupu. Hata Eger yenyewe imejirekebisha kwa njia hiyo: tangu miaka ya 1990 wakulima wake wamejiwekea kanuni kali za nini kiingie katika Bikavér, na leo iko ya kusifiwa, yenye jina la mtu juu ya lebo.

Inabaki pingamizi ambalo sina jibu kamili kwake, na nalisema kwa sababu linanisumbua. Etyek iko nusu saa tu kutoka mji mkuu. Ina sherehe zake za chakula na mvinyo, ina studio kubwa ya filamu jirani, ina wageni wenye pesa. Sauti nzuri pale inapata masikio. Kilima cha Zala kiko saa tatu kutoka Budapest, na kijiji kikishabaki na wazee hakina hata mahali pa mgeni kulala. Je, mtangazaji mmoja atafanya nini huko? Peke yake, kidogo. Kadhalika, panapofanikiwa mambo kama Etyek bei ya ardhi hupanda, na kijana wa kijiji asiye na jina wala mtaji hujikuta anakodi kilima cha babu yake. Haya ni madhara ya kweli. Lakini yote mawili yananiambia kwamba ufundi wa sauti umegawanywa vibaya, umerundikana karibu na mji. Hayaniambii kwamba haufai.

Ndiyo maana nashangaa kuona mazungumzo ya tiba yakiishia kwenye dawa na tingatinga. Dawa inahitajika, na wapo wanaolaumu sheria za Umoja wa Ulaya kwa kupunguza dawa za wadudu zilizoruhusiwa. Wana la kusikilizwa. Miche safi inahitajika, ile iliyolowekwa katika maji ya nyuzi 50 kwa dakika 45 ili kuua kimelea kabla ya kupandwa. Kung'oa kunahitajika. Lakini ukiling'oa shamba lililoachwa bila kumpata wa kulitunza, shina la Kiamerika litachipua tena kutoka kwenye kipande cha mzizi kilichobaki, na baada ya miaka michache uko palepale. Mashirika makubwa, ambayo washauri wetu wanataka yabaki peke yake, hayatapanda vipande hivyo vya mteremko. Mashine zao haziingii, na hesabu zao haziruhusu. Tena mashirika hayo yamezungukwa na vipande hivyohivyo. Hekta 100 zilizopigwa dawa kwa tarehe, zenye zártkert 40 za warithi wasiojulikana pembeni yake, ziko salama mpaka mdudu aote mabawa mwezi Julai.

Anayeweza kuvichukua vipande hivyo ni mtu mdogo mwenye mvinyo wa bei ya juu, na bei ya juu inatoka katika kufahamika. Kwa hiyo fedha za umma zinazotolewa kwa ajili ya karantini, sehemu yake iende kwa watu wanaokubali kulima kipande kilichoachwa kando ya chao, kwa mkataba wa miaka mingi. Na fedha za kutangaza mvinyo zisiishie kwenye maonyesho ya nje na mabango ya uwanja wa ndege. Ziwafundishe wakulima wa Zala na wa kusini mwa ziwa Balaton namna ya kusimama mlangoni, kusimulia kilima chao kwa sentensi nne, kupokea simu ya mgeni na kumwandalia kitanda. Watangazaji waliogeuka wakulima wapo. Hilo ndilo darasa ambalo wao wanaweza kulifundisha kuliko profesa yeyote, na wakilifundisha watakuwa wamelipa deni lao kwa sekta kuliko kwa medali.

Ofisi ya ardhi inalo jina la mmiliki wa kila kipande, hata kama mmiliki huyo ameshafariki na warithi wake saba wametawanyika nchi tatu. Mtu atawapigia simu mmoja mmoja. Atawaeleza watu asiowajua, wasio na haja na kilima kile, kwa nini wakubali kukikodisha kwa jirani wa marehemu baba yao, na itabidi wamsikilize mpaka mwisho bila kukata simu. Mayai yaliyotagwa chini ya maganda ya mizabibu yao yanaanguliwa Mei.